Mimba ya Kubofya

Nimewahi kumsingizia baba mkwe wangu mimba. Mimba yenyewe haikuwepo, lakini kwa muda wa saa 14 ilikuwa na baba, ilikuwa na mashahidi, na ilikuwa imeshanunuliwa dawa.

Mimi ni mtoto wa Bombo, Uganda, pale penye kambi ya jeshi na Wanubi, ambako Kiswahili tunakinyonya pamoja na Kinubi kabla hatujaota meno. Nikaolewa Wobulenzi, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ya Gulu, kwa Waganda ambao Kiswahili chao ni maneno mawili: "simama" na "leta". Baraza la Mawaziri liliridhia mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, ila mama mkwe wangu hajapata taarifa. Kwake bado ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Kwenye ukoo mzima anayekisoma bila kugugumia ni mmoja tu: baba mkwe, askari mstaafu.

Sasa, mimi huandika hadithi, na si zile za kuanza ukurasa wa kwanza ukamalizia wa mwisho. Zangu unasomea kwenye simu: unakutana na maneno yenye rangi, unayabofya, yanakupeleka aya nyingine, na mwenzako akibofya pengine anasoma hadithi tofauti na yako. Maandishi ya namna hiyo huitwa haipateksti, jina lililotungwa na Mmarekani Ted Nelson miaka ya 1960. Mimi nikasema yangu ni hadithi ya viungo. Mama akaniuliza kama ni vya pilau. Jirani yetu, fundi wa kukanda watu walioteguka, akaja na mafuta.

Natumia programu ya Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Ni ya bure, na ukimaliza inakupa faili moja tu ambalo mtu atalifungua hata kama hana bando. Kiungo unakiandika ndani ya mabano ya mraba, mawili kila upande. Kushoto unaweka maneno atakayoyaona msomaji, katikati mshale, kulia jina la aya anakopelekwa. Kushoto mdomo, kulia miguu. Mdomo wangu haukuwa na tatizo.

Hadithi yenyewe niliiandika kwa hasira. Kwetu mimba haitajwi. Utasikia "amebadilika", utasikia "siku hizi haonekani sokoni". Waganda wao husema yuko tumbo, na tumbo ndilo linalojitangaza. Mwenye tumbo kazi yake ni kulisindikiza. Mimi nikaapa kuandika yote, tena kwa kucheka. Shujaa wangu, Zaituni, anatapika ndani ya kofia ya kondakta wa kamunye, yaani basi dogo la abiria. Kliniki anahudhuria mara 8, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2016, na mara zote 8 mkunga anamuuliza tarehe ya hedhi kwa sauti ya muuza samaki, foleni nzima ikisikiliza. Kuna hata Mama Kit, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia, ya kubofya: ukigusa glovu zinajitambulisha, ukigusa wembe unaomba msamaha mapema, na ukigusa ile karatasi ya plastiki inakuuliza, "Unajua nitatandikwa wapi?" Hiyo ndiyo aya ninayoipenda kuliko zote, na hakuna hata mmoja aliyefika huko.

Hawakufika kwa sababu ya skrini ya kwanza. Pale Zaituni anasema: "Nina mimba. Nimwambie nani?" Chini yake kuna watu 6: mume, mama, senga (yaani shangazi), mama mkwe, baba mkwe, imamu. Kila mmoja alitakiwa aende kwenye aya yake. Nikaandika kiungo cha mume, nikakinakili mara 5, nikabadilisha majina upande wa kushoto. Kulia nikasahau. Kwa hiyo ukimbofya yeyote, unapelekwa chumbani kwa mume, ambako Zaituni anasema: "Wewe ndiye baba. Usinitazame hivyo, unaukumbuka vizuri usiku ule umeme ulipokatika."

Nikamtumia wifi yangu anijaribie. Wifi hajui Kiswahili, na aibu ya kuniambia anayo. Akalipeleka faili sebuleni kwa Mzee, yaani baba mkwe, saa 2 usiku, baada ya chakula, wote wakiwepo pamoja na senga, dada yake Mzee, aliyekuja kuomba mbegu za maharage. Akasema, "Hii imetoka kwa mke wa kaka."

Haya mengine nimesimuliwa. Mzee akavaa miwani, akasoma kama anavyosoma mtu amri za siku, sentensi ya Kiswahili kisha tafsiri ya Kiganda. "Nina mimba." Mama mkwe akapiga vigelegele. "Nimwambie nani?" Mzee akapitisha kidole kwenye orodha, akakutana na cheo chake, akatabasamu. Akasema huyu binti amelelewa, yaani kumbe anataka kunieleza mimi. Akabofya.

Akasoma kwa sauti. Halafu akanyamaza.

Mama mkwe akamwambia atafsiri. Wifi anasema ndiyo mara ya kwanza kumsikia Mzee akidai Kiswahili kimempotea. Senga akasogea: "Hilo neno 'baba' mimi nalijua."

Kwa wasiozijua desturi za Buganda: mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani, hawakaribiani, hawapeani hata kikombe mkono kwa mkono. Wazee husema mkivunja mwiko huo mtapatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka. Mzee usiku kucha alikuwa akikitazama kidole chake cha shahada, kile kilichobofya.

Mume wangu akapigiwa simu alfajiri. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Vaa, tunaitwa nyumbani," na njia nzima akaniuliza mara mbili kama umeme ulikatika siku alizokuwa safarini.

Tukafika saa 4 asubuhi. Mzee sebuleni kwenye kiti chake, mimi nimepiga magoti ukumbini nyuma ya pazia, na katikati yetu mjukuu wa miaka 7 akibeba maneno. Senga alikuwa ameshatoka sokoni na vipande 6 vya mumbwa, ule udongo wa dawa wa wajawazito, pamoja na majani ya kuoga. Hofu yake ilikuwa amakiro. Huo ni ugonjwa unaosimuliwa kwamba humpata mjamzito aliyetoka nje ya ndoa, akijifungua atamani kumla mwanawe. Alinitazama meno.

Nikaomba simu. Mtoto akaileta. Nikaeleza mdomo na miguu, mabano na mshale. Hakuna aliyeelewa. Basi nikamwambia mtoto, "Mpelekee senga, abofye jina lake."

Senga akabofya. Mzee akaitwa kusoma. Safari hii Kiswahili kilirudi chote, na Kiganda chake kikatoka kwa sauti ya gwaride: "Wewe ndiye baba!"

"Mimi?"

"Wewe. Na unaukumbuka usiku ule."

Mama mkwe akanyakua simu, abofye na yeye. Ni baba. Wifi hakuwemo kwenye orodha, akanuna. Imamu, aliyekuwa ameitwa kusuluhisha, alisema yeye haoni haja ya kubofya, wakambofyia. Ikaja aya ileile, na Mzee akaisoma polepole zaidi kuliko zote. Senga alicheka mpaka mtandio ukaanguka, na mume wangu akatoka nje eti kuangalia gari, ambalo hatuna, tulikuja na kamunye.

Mimba ikawa na akina baba 4 kabla sijaweza kuwaambia kwamba haipo kabisa. Kimya cha baada ya hapo ndicho kilichokuwa kigumu. Kuhusu baba walinisamehe haraka. Kuhusu tumbo tupu, mama mkwe aliondoka kwenda jikoni bila kusema neno, na nilimsikia akigonga masufuria kwa muda.

Nilisahihisha kulia, nikalituma faili tena. Baada ya wiki mtoto akanipigia na ujumbe wa Mzee, ameukariri: "Babu anasema amefika mpaka kwenye plastiki. Anasema kiungo cha mkunga wa mara ya tano ni kibovu. Na anauliza, mimba ni ya nani?" Nikamwambia amjibu babu kwamba hapo nimemwachia msomaji achague. Nikasikia simu ikihama, sauti nzito ikinong'ona kando, kisha mtoto tena: "Babu anasema jeshini kila mzigo una aliyeusainia."

Mumbwa sijaurudisha. Upo kabatini, vipande 6, na kila Ijumaa jioni senga hunipigia. Hajitaji jina. Husema, "Baba wa mtoto anakusalimu," kisha anasubiri nicheke.