Weka Diski Kubwa Kwenye Kompyuta Kongwe, Ila Usiidanganye Bayosi

Nina kompyuta ya 486 (jina la prosesa yake) iliyokuja na diski kuu ya megabaiti 210. Miezi ya mwisho ya diski ile, kila nilipowasha ilipiga mluzi mwembamba, ikasita, ndipo ikaanza kusoma. Aliyewahi kukaa na diski za zamani anaujua mluzi huo. Ni beringi zinazoaga.

Wapo wapenzi wa mashine kongwe wanaoamini kwamba kutoa diski ya asili ni kuivua kompyuta utu wake. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Diski kuu ni chombo chenye mota, beringi na mkono unaotembea. Kuchakaa ni sehemu ya kazi yake. Hata enzi zake haikudumu ndani ya kasha. IBM ilipotoa PC XT mwaka 1983, diski yake ilikuwa ya megabaiti 10. Mwaka uliofuata AT ikaja na megabaiti 20, na wenye mashine hizo waliendelea kubadilisha kila walipopata uwezo. Kuongeza diski ni jambo la asili kwa kompyuta hizi kuliko kuziacha zimekufa kabatini. Ugomvi wangu ni na namna wengi tunavyofanya kazi hiyo: tunachukua diski kubwa kupita kiasi, kisha tunatafuta hila ya kuilazimisha mashine iikubali.

Ili nieleweke, inabidi nieleze ukuta unaozuia diski kubwa unatoka wapi. Bayosi, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama na inayoiamsha kompyuta, ya zamani haihesabu diski kwa gigabaiti. Inaihesabu kwa silinda (njia za mviringo za data), vichwa (vinavyosoma) na sekta (vipande vya njia), na kila kimoja kimetengewa biti zake: biti 10 za silinda, 8 za vichwa, 6 za sekta. Ukizidisha unapata takriban gigabaiti 8.4. Diski za IDE, yaani za muunganisho uliotumika kwenye mashine hizi, nazo zilikuwa na mgawo wao: biti 16 za silinda, 4 za vichwa, 8 za sekta, ambao peke yake ungefika gigabaiti 137. Kila upande, ukiutazama kivyake, una nafasi tele. Shida inaanza wanapokutana, kwa sababu kila mmoja analazimika kufuata kidogo cha mwenzake: silinda 1,024 kutoka kwa bayosi, vichwa 16 kutoka kwa IDE, sekta 63 kutoka kwa bayosi. Zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 528,482,304. Ndiyo ile megabaiti 504 (megabaiti moja ikihesabiwa kuwa baiti 1,048,576) inayowatesa watu wa 486 mpaka leo. Hakuna aliyefanya uzembe. Ni makundi mawili yaliyopanga kila moja kwa busara yake, bila kukaa meza moja.

Bayosi zilizotoka kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zilijifunza kutafsiri: zinagawanya idadi ya silinda na kuzidisha vichwa kwa kiasi kilekile, hesabu inakaa sawa. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, ukuta wa megabaiti 504 haukuhusu. Utakutana na ule wa gigabaiti 8.4, au mwingine mbele zaidi. Mwenye 486 ya mwanzo hana msaada huo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mara ya kwanza nilinunua diski ya IDE ya gigabaiti 4 na kuiwekea programu ya kuingilia kati, ile inayokaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, inapakiwa kabla ya DOS, mfumo endeshi wa mashine hizi, na kujibu maswali ya diski badala ya bayosi. Ilifanya kazi vizuri sana, na kwa miezi kadhaa nilijiona nimemaliza. Siku moja nikawasha kwa flopi ya kawaida ya DOS ili nifanye usafi mdogo. Programu ile haikupakiwa, kwa hiyo DOS iliona diski kama bayosi inavyoiona, patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) zisizo na maana. Nikadhani jedwali la patisheni limeharibika, nikaendesha FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, nikaandika jingine. Kila kitu kikapotea, pamoja na barua nilizoziandika kwenye kompyuta hiyohiyo na ambazo hazikuwa na nakala popote. Zinaniuma hadi leo.

Programu hizo zilikuwa msaada halali wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine. Kinachonitisha ni kwamba zinaihamishia siri ya mpangilio wa diski mahali ambapo mtu wa kesho hatajua kuitafuta. Kompyuta kongwe hupita mikononi mwa watu wengi. Atakayeipokea baada yangu ataiwasha kwa flopi, kama nilivyofanya.

Njia ninayoitetea ni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kuipa mashine bayosi ya ziada ya kweli, kwenye chipu. XTIDE Universal BIOS ni programu huria inayochomwa kwenye ROM. Unaweza kuichomeka hata kwenye soketi tupu ya ROM iliyo kwenye kadi ya mtandao. Mashine ikiwaka inaikuta, inaitambua diski kwa ukubwa wake, na flopi yoyote utakayotumia itaiona diski ileile kwa mpangilio uleule. Uwezo mpya unakaa ndani ya mashine, ambapo kila anayeiwasha anaukuta.

Ya pili ni rahisi zaidi na ndiyo niliyoichagua safari hii: kukubali kipimo cha mashine. Nimeweka kadi ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE. Kadi hizi, zilizoletwa na SanDisk mwaka 1994, zinaongea IDE zenyewe. Adapta haina akili yoyote, ni waya tu kutoka pini hadi pini. Nimeiandikia bayosi silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63, basi. Sehemu iliyobaki ya kadi imelala bila kazi na sina kinyongo nayo. Megabaiti 504 ni zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa nacho, na DOS 6.22 yenyewe inachukua megabaiti chache sana.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau wanapokimbilia ukubwa. FAT16, mfumo wa DOS wa kupanga mafaili, inagawa patisheni kwa vifungu, na patisheni ikikua, vifungu navyo vinakua. Patisheni iliyo kati ya megabaiti 256 na 512 inatumia vifungu vya kilobaiti 8. Ukifikia gigabaiti 2, ambao ndio mwisho wa FAT16 kwenye DOS, kila kifungu ni kilobaiti 32, na faili lenye mstari mmoja wa maandishi linakula kilobaiti 32 nzima. Programu za zama zile zina mamia ya mafaili madogo. Diski kubwa inaweza kuwa imejaa hewa.

Jambo moja la kiutendaji lilinipotezea jioni mbili: usiigawe kadi kwenye kompyuta ya kisasa ukitarajia itawaka kwenye ya zamani. Kompyuta mpya itaandika jedwali kwa hesabu yake ya vichwa na silinda, na bayosi ya zamani ikisoma kwa hesabu yake haitakikuta inachokitafuta. Igawe na uifomati ndani ya mashine itakamofanya kazi. Kuhusu kebo, mstari mwekundu uende pini ya kwanza. Na ukishafungua kasha, kagua betri kwenye ubao mama. Zile za pipa zilizouzwa kwenye bodi za wakati huo huvuja na kula njia za shaba, na hilo litaiua kompyuta yako kabla ya diski yoyote.

Lakini haya yote yaje baadaye. Kabla hujagusa bisibisi, nakili diski ya zamani sekta kwa sekta. Hapa siko tayari kulegeza hata kidogo. Kasha unaweza kulipata jingine, bodi pia. Kilichoandikwa kwenye diski ile na mwenyewe wa kwanza, mipangilio yake, hati zake, programu ambayo pengine haipo tena popote, hakina badala. Adapta nyingi za USB hazizitambui diski za zamani zisizojua LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo), kwa hiyo tafuta kompyuta yenye soketi halisi ya IDE. Tumia ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaweka kumbukumbu ya zilizogoma, kisha inazirudia. Kwa diski inayokaribia kufa mpangilio huo ni muhimu, maana kila dakika ya kuzunguka ni dakika unayoazima.

Diski yangu ya megabaiti 210 ilinipa karibu kila kitu. Ziligoma sekta 14, nyingi zikiwa kwenye eneo tupu. Nimeifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nikaandika silinda, vichwa na sekta zake kwenye karatasi, nikaiacha ndani ya kasha, pembeni, bila kebo. Kwenye karatasi hiyohiyo nimeandika pia namba za kadi mpya, kwa kalamu ya risasi ili zisififie.