Ubingwa wa Taifa wa Kalingi kwa Vijana: Barafu Isubiri, Wasichana Wasisubiri

Iwapo Kenya itaanzisha mashindano ya taifa ya kalingi kwa vijana, yaani ule mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, kuna mambo mawili yatakayobishaniwa kabla ya jiwe la kwanza kusukumwa. La kwanza ni kama mashindano hayo yanaweza kuitwa ya taifa ilhali uwanja wa barafu unaofahamika zaidi nchini umo ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi. La pili ni kama wavulana na wasichana wapewe vikombe viwili tofauti au wachanganywe katika timu moja. Nayatazama yote mawili kutoka Mombasa, na nakiri mapema kwamba la pili linanigusa zaidi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, timu ina wachezaji wanne, na kila mmoja hutupa mawe mawili katika awamu moja, hivyo mawe ya timu zote mbili huwa 16. Jiwe la graniti lisilozidi kilo 19.96 husukumwa kwenye njia ya barafu yenye urefu wa takriban mita 45, kuelekea duara la shabaha lenye kipenyo cha mita 3.66 linaloitwa nyumba. Wafagiaji hupangusa barafu kwa kasi mbele ya jiwe ili liende mbali zaidi na lisipinde mno, huku nahodha akiwaelekeza kwa sauti kutoka upande wa pili. Awamu ikiisha, timu moja tu hupata alama, nayo ni ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu. Kijana wa Mji wa Kale aliyezoea ubao wa keramu uliopakwa poda hatahitaji kufafanuliwa sana kwa nini kuligonga jiwe la mpinzani si lazima kuwe bora kuliko kuliacha mahali pake na kujificha nyuma yake.

Wanaopinga wazo hili wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wasiopenda maendeleo. Hoja yao kubwa ni barafu yenyewe. Barafu ya kalingi haifanani na ile ya kuchezea magongo au ya kuteleza kwa viatu. Ni lazima iwe tambarare kabisa, kisha inyunyiziwe matone madogo ya maji yanayoganda na kuwa vipele, kwa kuwa jiwe husafiri juu ya vipele hivyo. Uso wake hutakiwa uwe na baridi ya karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, na hewa ya ukumbini iwe kavu, kwa sababu unyevu ukigeuka umande ulioganda juu ya barafu, jiwe hupoteza mwendo na hesabu zote za mchezaji huharibika. Sasa fikiria kutunza uso wa namna hiyo katika mji wenye joto na unyevu wa Mombasa mwaka mzima. Ni kweli kwamba maarifa ya ubaridi hayatukosi, maana bandari ya Kilindini hushughulikia makontena ya jokofu na wavuvi wetu hawafanyi kazi bila barafu. Hata hivyo, kugandisha samaki na kutunza njia ya mita 45 isiyo na kasoro ni kazi mbili tofauti. Ongeza gharama ya umeme, na ukumbuke ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Ukumbi wa barafu usio na jenereta yake ungepoteza kazi ya majuma kwa usiku mmoja.

Hoja nyingine ya wapinzani ni ya kipaumbele. Seti moja ya mawe ya graniti hugharimu maelfu ya dola, na graniti inayoaminika zaidi hutoka kisiwa cha Ailsa Craig huko Scotland. Mzazi ambaye shule ya mwanawe haina mipira ya kutosha ya mkono na wavu ana haki ya kuuliza fedha hizo zinatoka wapi.

Upande wa pili unajibu kwamba mchezo hausubiri mazingira yakamilike ndipo uanze, na kwamba mara nyingi mashindano ndiyo yanayozaa wachezaji. Mifano yao ni ya kweli. Philip Boit alikwenda Nagano mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, katika mbio za theluji. Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi hapa jirani, aliiwakilisha Kenya huko PyeongChang katika kuteremka milima kwa ski. Wachezaji wa magongo ya barafuni wa timu ya Kenya Ice Lions walianza kwenye uwanja mdogo wa Panari wakiwa hawana timu ya kupambana nayo, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Katika kalingi yenyewe, Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki ubingwa wa dunia, ilipoingiza timu ya mke na mume katika mashindano ya wachezaji wawili wawili huko Stavanger, Norway, mwaka 2019.

Naikubali mifano hiyo, lakini haithibitishi kile kinachodaiwa. Boit alipelekwa Finland kufanya mazoezi, na Simader alilelewa Austria. Safari ya mtu mmoja aliyepata mlango ni jambo la kujivunia, ila ubingwa wa taifa wa vijana ni ahadi kwa kila kaunti kati ya 47 kwamba mtoto wake anaweza kujaribu. Endapo kushiriki kunahitaji kuishi karibu na barabara inayoelekea Panari, basi hayo ni mashindano ya Nairobi, na hakuna ubaya yakiitwa hivyo kwa miaka kadhaa.

Njia ya kati ipo, nayo ni kalingi ya sakafuni. Mawe yake mepesi yana magurudumu madogo au gololi chini, na huchezwa juu ya sakafu laini ya ukumbi ambapo nyumba huchorwa au kutandikwa kama mkeka. Ukumbi wa jamii wa Tononoka hapa Mombasa ungetosha. Shule za sekondari ya juu zenye mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ulioanza kufundishwa Januari 2026, zinaweza kuuingiza mchezo huu bila kujenga chochote. Wapo watakaosema kwamba hii si kalingi, kwa sababu hakuna kufagia, na kufagia ndiko kunakowalazimisha wachezaji wanne kufikiri kwa pamoja wakati jiwe lingali linakwenda. Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe naona kwamba bila ufagio mchezo unapoteza sehemu yake bora. Lakini kupima nguvu ya mkono, kupanga mawe ya kinga, kujua thamani ya kuwa na jiwe la mwisho, na ile desturi ya mchezaji kukiri mwenyewe kosa lake bila kusubiri mwamuzi, vyote hivyo vinabaki. Tena kijana anayetumia kiti cha magurudumu anaingia uwanjani pamoja na wenzake tangu siku ya kwanza. Na kalingi ya viti vya magurudumu imo katika Paralimpiki tangu Torino 2006.

Nikija kwenye suala la wavulana na wasichana, historia ya nchi iliyobobea katika mchezo huu inatupa onyo. Kanada ilianza ubingwa wa taifa wa vijana wa kiume mwaka 1950. Wasichana walipata wao mwaka 1971, na mashindano hayo mawili hayakuunganishwa mahali pamoja hadi mwaka 1987. Ubingwa wa dunia wa vijana nao ulianza kwa wavulana mwaka 1975, na wasichana wakafuata mwaka 1988. Miaka 21 katika mfano mmoja na 13 katika mwingine si ucheleweshaji wa karatasi. Ni kizazi cha wasichana waliopita umri wakiwa watazamaji. Sisi tunaoanza bila chochote hatuna urithi wa kutufunga, kwa hiyo hatuna sababu ya kulirudia kosa hilo.

Wanaopendelea timu za mchanganyiko hawatetei kuwaacha wasichana nje. Wanasema wachezaji watakuwa wachache, kaunti nyingi hazitapata wanne wa kila jinsia, na Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi imetumia timu za wavulana wawili na wasichana wawili tangu Innsbruck 2012. Kwa hesabu ya nauli pekee wako sahihi: kikosi kimoja katika treni ya kwenda Nairobi ni nusu ya gharama ya vikosi viwili.

Ninachokihofia ni nafasi ya nahodha. Katika timu mpya zisizo na desturi, anayeelekeza na kutupa mawe ya mwisho ataelekea kuwa mvulana mwenye sauti kubwa, na msichana atapewa kutupa mawe ya kwanza na kufagia. Timu ya wasichana watupu haina budi kuzalisha nahodha wake. Pia kuna jambo ambalo walimu wa michezo wa Pwani wanalijua vizuri: wazazi wengi humkubalia binti kusafiri akiwa na kundi la wasichana wenzake na mwalimu wa kike, lakini husita safari ikiwa ya mchanganyiko. Mavazi nayo, ambayo katika michezo mingine huwaondoa wasichana wa Kiislamu uwanjani, hapa si kikwazo, kwa kuwa kalingi inaweza kuchezwa kwa suruali ndefu na mikono mirefu, na hijabu haimzuii mtu kutupa jiwe wala kufagia. Ni nadra kupata mchezo unaomfaa binti wa Majengo au wa Likoni kwa urahisi kiasi hicho, na kuupunguzia nafasi zake kwa ajili ya nauli kungekuwa hasara. Kikombe cha mchanganyiko kinaweza kuongezwa kama cha tatu, kwa kaunti zisizotimiza idadi, mradi sheria itake unahodha upokezanwe kati ya mvulana na msichana.

Hata ratiba itaamua nani anashiriki. Mashindano yakiwekwa muhula wa kwanza, mwaka 2027 yatagongana na Ramadhani, inayotarajiwa kuanza mwezi wa Februari, na shule nyingi za Mombasa zitapeleka timu pungufu au zisipeleke kabisa. Muhula wa pili ndio unaofaa, na fainali ya wasichana ichezwe siku moja na ya wavulana, katika ukumbi uleule, wala isiwe ile inayosogezwa asubuhi mapema kabla wageni hawajafika.