Si kuondoka kwa Klein peke yake
Mwandishi wa makala tunayoijadili anadai Wonkblog, safu ya sera ya gazeti la Marekani la Washington Post, ilikufa kwa sababu Ezra Klein, mwandishi aliyeianzisha, aliondoka mwanzoni mwa 2014. Hiyo ni nusu tu ya habari. Safu ile ilinenepeshwa na wakati wake: sheria ya bima ya afya ya Obama, iliyotiwa saini Machi 2010, ilikuwa na mamia ya kurasa, na wasomaji walitaka mtu wa kuwaeleza kwa lugha nyepesi nani atapata ruzuku, nani atatozwa faini asipokuwa na bima, na itakuwaje kwa maskini wa jimbo linalokataa kupanua Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini), jambo ambalo Mahakama ya Juu iliruhusu mwaka 2012. HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima hiyo, ilipokwama Oktoba 2013, waliojua kilichomo ndani ya sheria walionekana lulu (waandishi wa siasa za nani kamshinda nani walibaki kuhesabu lawama). Baadaye Klein na wenzake wakaanzisha Vox, tovuti ya kufafanua habari, gazeti la New York Times likaleta The Upshot, safu yake ya sera na takwimu, na FiveThirtyEight, tovuti ya uchambuzi wa takwimu, ikafufuliwa chini ya kituo cha michezo cha ESPN, yote ndani ya 2014. Kila mhariri sasa akataka grafu na kichwa cha habari kinachoanza na “kwa nini”. Mtindo ukishazagaa hivyo, nani ataendelea kuufuata kwenye safu moja? Na Bunge lililogawanyika nalo halikuzaa tena sheria kubwa kwa kasi ile. Nyie mliokuwa mkiisoma safu ile, mlimfuata Klein au mlifuata mada?