Biblia ya shangazi ina vitabu 73

Jioni ya pili ya msiba wa baba mkubwa, Moshi vijijini, shangazi alitoa rozari akasema tumwombee marehemu. Binamu yangu mmoja, aliyeokoka akiwa chuo, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Shangazi, samahani. Kuwaombea wafu kumeandikwa wapi? Naomba andiko."

Shangazi hakukasirika. Alimtuma mjukuu chumbani akaletewa Biblia yake nene, akafungua 2 Wamakabayo sura ya 12, akaweka kidole chini ya mstari. Pale Yuda Makabayo anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa na dhambi, wapate kuondolewa dhambi hiyo. Binamu akatoa simu, akatafuta, akatafuta tena. "Shangazi, kitabu hicho hakimo."

"Kwako hakimo, baba. Kwangu kimo."

Watu wakacheka, chai ikaendelea kuzunguka. Mimi nilibaki na lile jibu. Nimelelewa Mlutheri, msomaji ajue mapema ninakoegemea, na nimesikia "naomba andiko" tangu Sunday school. Sikuwahi kuona ombi hilo likikwama upesi namna ile. Lilikwama kwa sababu kabla ya kuuliza andiko linasema nini, wale wawili walikuwa hawajakubaliana andiko ni lipi. Na hilo haliwezi kuamuliwa kwa kusoma andiko.

Ugomvi wao una umri wa miaka mia tano. Mwaka 1519, huko Leipzig, Johann Eck, mwanateolojia Mkatoliki, alimwekea Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti, kifungu hichohicho cha Wamakabayo kutetea toharani, yaani mahali pa kutakaswa baada ya kufa. Luther akajibu kuwa kitabu hicho hakimo katika orodha ya Maandiko, hivyo hakiwezi kuthibitisha fundisho. Eck alikuwa mjanja: katika mjadala uleule alimsukuma Luther hadi akakiri kwamba hata mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, unaweza kukosea, kama ule wa Konstanz uliomhukumu Jan Hus, padre wa Kicheki, akachomwa moto mwaka 1415. Tangu siku hiyo njia zilianza kuachana.

Kuna jambo watu wengi wa upande wangu hulikosea. Waprotestanti wa kwanza waliosema "Maandiko pekee" hawakusema tusome Biblia na tutupe kila kingine. Luther aliendelea kubatiza watoto wachanga na kuungama Kanuni za Imani za kale. Calvin, kiongozi wa Matengenezo kule Geneva, anamnukuu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, karibu kila anapogeuka. Walichosema ni kwamba mapokeo yaitwe mahakamani kama shahidi, yasikalie kiti cha hakimu. Mababa wa Kanisa wasikilizwe, mitaguso iheshimiwe, lakini kila hukumu yao iwe na mlango wa kukatia rufaa, na rufaa iishie kwenye Maandiko.

Sababu yao si ndogo. Katika Marko 7, Yesu anawakuta Mafarisayo na desturi ya Korbani: mtu anatangaza mali yake kuwa wakfu kwa Mungu, kisha mzazi wake mzee akihitaji msaada anaambiwa samahani, mali hiyo ni Korbani. Desturi ilianza kwa nia ya ibada na ikaishia kumnyima mzee chakula. Yesu anaihukumu kwa amri iliyoandikwa: waheshimu baba yako na mama yako. Hapo mapokeo ya watu wa dini, tena yaliyopokewa kwa heshima, yamekosea, na kilichoyasahihisha ni Neno. Mtu akiniuliza kwa nini mimi bado Mlutheri, nitamtajia Korbani kabla sijamtajia Luther.

Lakini Biblia yetu ya Kiswahili, ile Tafsiri ya Union ya 1952, haimruhusu mtu kusimama pale kwa raha. Neno lililotumika Marko 7 ni "mapokeo". Fungua 2 Wathesalonike 2:15 katika tafsiri hiyohiyo: "Basi, ndugu, simameni imara mkayashike mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu." Ni neno lilelile, na Kigiriki nacho kina neno moja sehemu zote mbili. Kuna wafasiri katika lugha nyingine wanaoandika "mapokeo" pale yanapolaumiwa na "mafundisho" pale yanaposifiwa. Wafasiri wetu hawakufanya ujanja huo, nami nawashukuru ingawa wananisumbua. Paulo anataka lishikwe lililosemwa kwa mdomo sawasawa na lililoandikwa.

Mkatoliki anaanzia hapo, na ana haki. Kanisa lilibatiza, likamega mkate na kuzika wafia dini kabla halijawa na Agano Jipya lililojalidiwa. Orodha kamili ya vitabu 27 tulivyo navyo leo tunaikuta kwanza katika barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Hakuna mstari wa Biblia unaovitaja vitabu vyake vyote. Ukurasa wa yaliyomo, ule tunaourukia haraka kutafuta Hagai yuko wapi, si andiko. Ni kazi ya watu waliopokea, wakapima, wakaacha vingine. Calvin alijibu kwamba kuuliza tunayajuaje Maandiko ni kama kuuliza tunatofautishaje nuru na giza, au kitamu na kichungu. Jibu zuri kwa mahubiri. Kwa hoja halitoshi, maana Luther mwenyewe aliuonja waraka wa Yakobo akaona ni majani makavu.

Turudi kwenye simu ya binamu. Kwa nini Wamakabayo hakimo? Jibu la kawaida la Kiprotestanti ni kwamba hakimo katika Biblia ya Kiebrania, na hilo ni kweli. Yeromu, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alilisema mapema. Augustino aliona vingine, na mtaguso wa Kartago wa 397 ukafuata orodha ndefu, yenye Wamakabayo. Kwa hiyo hata mapokeo hayakuwa na sauti moja. Mtaguso wa Trento ndio uliofunga mjadala kwa Wakatoliki, Aprili 1546. Hata hivyo Luther hakuvitupa vitabu hivyo. Katika Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 vimo, katikati ya maagano mawili, kama vitabu visivyo sawa na Maandiko lakini vizuri kusoma. Waanglikana nao waliviweka vya kusomwa kwa mfano wa maisha, visitumike kujenga fundisho. Vilipotelea wapi basi? Miaka ya 1820, baada ya mabishano makali, Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua kisitoe tena fedha kwa Biblia zenye vitabu hivyo. Chama hichohicho ndicho kilichotoa Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1891. Binamu yangu anaposema "hakimo" anasema kweli, ila sehemu ya ukweli huo ni kikao cha kamati kule London. Hayo nayo ni mapokeo, tofauti ni kwamba hakuna anayeyaita hivyo.

Nguvu ya pili ya upande wa shangazi ni mtaguso wa Nisea, mwaka 325. Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, hakuwa mtu wa kudharau Biblia. Alikuwa na Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", na Mithali 8:22, ambapo Hekima katika tafsiri ya Kigiriki anasema Bwana aliniumba. Maaskofu walipojaribu kumfungia kwa maneno ya Biblia tupu, wafuasi wake waliyakubali yote na kuyapa maana yao. Ikabidi litumike neno lisilomo katika Biblia, lile ambalo Kanuni ya Imani ya Kiswahili inalitamka "mwenye umungu mmoja na Baba". Anayebisha hodi Jumamosi asubuhi na kukuambia neno Utatu halimo katika Biblia yuko sahihi kuhusu neno. Mprotestanti anayemjibu anategemea Nisea, hata kama hajui.

Ila kisa hicho kina ukurasa wa pili. Mwaka 359 mitaguso ya Rimini na Seleukia ilikusanya maaskofu wengi kuliko Nisea, na chini ya shinikizo la Kaisari Konstanti wa Pili wakaishia kukubali maneno yaliyoliweka kando lile neno. Kwa hesabu ya vichwa, Kanisa lilikuwa limehama. Atanasi, aliyefukuzwa katika kiti chake mara tano, hakushinda kwa wingi wa maaskofu. Aliendelea kuonyesha kwamba neno halimo lakini maana yake imo. Huo ni mfano wa mapokeo yanayotetewa kwa Maandiko.

Udhaifu wa kila upande unaonekana pale usipokuwa na mpinzani. Marburg, Oktoba 1529, hapakuwa na Mkatoliki mezani. Luther na Zwingli, kiongozi wa Matengenezo kule Zurich, wote wa Maandiko pekee, walikutana kuzungumzia Meza ya Bwana. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, "huu ni mwili wangu", na kila alipobanwa akarudi kwenye yale maneno. Zwingli akamjibu kwa Yohana 6:63, "mwili haufai kitu". Kati ya hoja kumi na tano walitofautiana kwa kipande cha moja tu, na kwa kipande hicho wakaachana. Kwetu hali imekwenda mbali zaidi: kila mwenye spika na turubai ana kanisa, na lile lisemalo "Biblia tu" kwa sauti kubwa kuliko yote ndilo lenye mafuta ya upako, maji ya upako na chumvi, ambavyo waumini hawathubutu kuviombea andiko.

Kwa hiyo pawe na hakimu, anasema Mkatoliki, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulilieleza hilo kwa unyenyekevu: mamlaka fundishi haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Sentensi hiyo naipenda. Kisha nakumbuka tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pius wa Kumi na Mbili alipotangaza kuwa Kupalizwa kwa Maria, yaani kuchukuliwa kwake mbinguni mwili na roho, ni fundisho lazima la imani. Alikuwa amewauliza maaskofu kabla, na karibu wote walikubali. Lakini simulizi za kisa hicho tulizo nazo ni za karne kadhaa baada ya Mitume. Watu wa Beroya, waliomsikiliza Paulo kisha wakachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo, wangechunguza wapi? Wakatoliki hujibu, kama alivyoeleza John Henry Newman, Mwingereza aliyetoka Uanglikana akawa Mkatoliki, kwamba fundisho hukua kama mti utokao katika mbegu. Nakubali mbegu hukua. Nataka tu kujua nani ana ruhusa ya kusema kwamba hili tawi si la mti huu. Mtumishi akiwa peke yake ndiye anayejua bwana wake alisema nini, siku akikosea atasahihishwa na nani?

Swali hilo ndilo linalonibakiza upande wangu, pamoja na Marburg na chumvi ya upako.

Jioni ile rozari ilisaliwa. Binamu alikaa kwa heshima, kofia mkononi, kimya kwenye kila Salamu Maria. Ilipofika Baba Yetu aliitika na wenzake. Wakatoliki walifika "lakini utuopoe maovuni, amina", wakanyamaza. Yeye akaendelea peke yake, kwa mazoea, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele". Nilipofika nyumbani nikafungua Mathayo 6:13 katika Union. Maneno hayo yako ndani ya mabano, kwa sababu nakala za zamani zaidi za Mathayo hazinayo. Wataalamu wengi wanaona yaliingia kutoka kwenye midomo ya Kanisa likisali.