Saa Nne ya Nani?

Halati yangu, yaani dada wa mama, wa Kibokoni, Mombasa, hajapata kumwambia mtu jambo waziwazi. Mgeni akikaa mpaka wenyeji wanasinzia, halati humgeukia paka: "We paka, kwani kwenu hakuna mlango?" Mgeni huaga. Jirani akiazima sufuria asirudishe, halati hupita mbele ya baraza lake amejitanda leso yenye jina linalohusika, hasemi kitu, na sufuria hurudi kabla ya magharibi, tena imesuguliwa.

Mimi nimelelewa kwenye maneno hayo ya kupinda. Nikipigiwa fumbo napaswa kulidaka lingali hewani. Ndiyo sababu kisa hiki sikumsimulia halati hadi leo, na anayemjua asimpelekee.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza London, nimepata kazi ya kutunza jengo la sinagogi moja, nyumba ya ibada ya Wayahudi, kaskazini mwa jiji. Kufungua milango, kufagia, kupanga viti, kupokea mikate. Na kila Alhamisi kutoa kopi za karatasi ya habari za wiki na kuzikunja kati. Karatasi hiyo ilinijulisha watu wa pale kabla sijazijua sura zao. Juu kabisa huandikwa jina la fungu la Taurati litakalosomwa Jumamosi, maana wameigawa mafungu 54 ili waimalize kwa mwaka. Chini yake, saa ya Sabato kuingia na saa ya kutoka. Halafu habari zenyewe: nani kajifungua, nani mgonjwa aombewe (hutajwa kwa jina lake na la mama yake, si la baba), nani ana kumbukumbu ya marehemu wake, nani analipia vitafunio vya baada ya sala, nani kasahau mwavuli mweusi. Mwavuli huo ulikuwa ukitangazwa tangu nilipofika. Nadhani mpaka sasa upo.

Kwa kuwa sivui kofia yangu ya viua, wageni walikuwa wakinichanganya na wenyeji, maana nao huvaa kofia. Asubuhi moja ya baridi walikuwa wanaume tisa, na sala yao ya jamaa yataka kumi. Mzee mmoja mpita njia akanitia kitabu mkononi, akasema "Kumi!" kwa furaha, na watu wakaanza kukaa vizuri. Ikanibidi niseme mimi ni Mwislamu wa Mombasa. Alikichukua kile kitabu polepole sana, kama mtu anayemnyang'anya mtoto peremende.

Basi, ikafika Desemba. Mtu wa pwani hawezi kuelewa Desemba ya London mpaka aione. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, halina hila. Kule, Juni linazama baada ya saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi alasiri limeshajiendea zake. Sabato nayo hulifuata jua, kwa hiyo Ijumaa za Desemba huingia saa tisa u nusu hivi, watu wanatoka kazini mbio kama wamesikia ngalawa inang'oa nanga.

Ijumaa ile ilikuwa kubwa. Kijana mmoja wa sinagogi alikuwa anaoa wiki inayofuata, na kabla ya harusi bwana harusi huitwa kwenye Taurati siku ya Sabato, watu wakamrushia peremende. Mifuko ya peremende niliijaza mimi. Ijumaa usiku palikuwa na karamu ukumbini, watu sitini, wakiwemo wakwe kutoka Manchester. Mzee msimamizi, ambaye kwa kawaida hushughulikia taa, alikuwa kateleza kwenye barafu na mguu umefungwa plasta, kwa hiyo Alhamisi aliniita.

"Kesho wewe ndiye utakayetega saa ya taa," aliniambia. "Za ukumbini na za chumba cha sala, zote zizimike usiku, tukishaondoka." Akataja na saa yenyewe. Kwa Kiingereza alitaja kumi.

Kumi ya usiku ya Kizungu, kila mtu aliyesoma Kiswahili cha nyumbani anajua, ni saa nne. Nikachomoa kikaratasi nikaandika: TAA 4. Nikakitia mfukoni.

Ijumaa mchana nikakiendea kile kidude cha saa. Ni kiduara cheupe cha plastiki chenye vijino 96 pembeni, kila kijino robo saa. Nikasoma kikaratasi: TAA 4. Nikatazama kidude, kinahesabu mpaka 24. Nne ya jioni kwa hesabu hiyo ni 16. Nikavibonyeza vijino kwa ukucha, kimoja baada ya kimoja, huku nikijisifu moyoni kwa kukumbuka kugeuza. Hata sikukumbuka kwamba Alhamisi nilikwisha kugeuza mara moja.

Sabato ikaingia. Watu wakajaa. Simu hakuna mwenye nayo, maana siku hiyo hazibebwi wala kuguswa. Hata yangu niliiacha stoo kwa adabu. Nami nilikuwa huko stoo, nimetoa salamu ya mwisho ya swala ya magharibi, taa zote zilipozimika. Tak.

Nikatoka. Chumba cha sala kiza kinaingia kwa madirisha. Juu ya pazia la sanduku la Taurati inawaka ile taa yao ndogo isiyozimwa kamwe, na juu ya mlango ile ya kijani yenye picha ya mtu anayekimbia. Wazee sita walikuwa wamesongamana chini ya yule mtu wa kijani, vitabu wamevinyanyua juu, nyuso za kijani, ndevu za kijani, wanaimba.

Nanyi mtauliza: si ungewasha? Lakini kikaratasi kilisema nne, na taa zimezimika saa nne juu ya dakika. Mimi nilidhani ndiyo ibada yenyewe. Wiki ile fungu lao lilikuwa kisa cha Nabii Yusuf kutupwa kisimani na nduguze. Nikasema labda wanakumbuka kile kisima. Nikaenda kusimama mlangoni, mikono nimeikunja, nikaona fahari kidogo.

Mara wakafika kwenye ule wimbo wa kumkaribisha Bi Arusi, maana Sabato kwao hupokewa kama bibi harusi. Kwenye ubeti wa mwisho jamaa wote hugeukia mlango na kuinama huku na huku. Sikuwa najua. Nilichoona ni watu themanini kwenye kiza wamenigeukia mimi kwa pamoja na kuniinamia. Nikaweka mkono kifuani nikawainamia nami.

Walipomaliza nilimwendea mzee wa plasta. "Mzee, ile saa imefanya kazi kama ulivyoniagiza."

Alinitazama kwa muda mrefu. Yaani nadhani alinitazama, sikumwona vizuri.

Sasa nieleze jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza. Sabato ina kazi 39 zilizokatazwa, na mojawapo ni kuwasha moto. Umeme nao hawaugusi. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba hata kumwagiza mtu mwingine amfanyie, Myahudi haruhusiwi, asipokuwapo mgonjwa au hatari. Ila mtu asiye Myahudi akiwasha taa kwa haja yake mwenyewe, basi wote waliomo wanaweza kufaidi mwanga wake. Sasa watu sitini wameketi ukumbini gizani, supu inapoa, na mtu pekee anayeweza kuwaokoa amesimama pembeni kama nguzo, na hawawezi kumwambia.

Kilichobaki ni mafumbo.

Wa kwanza alikuwa baba wa bwana harusi. "Kuna giza leo," alisema karibu na sikio langu.

"Desemba, bwana," nikamwambia kwa huruma. "Ndivyo ilivyo nchi hii."

Rabi, kiongozi wao wa dini, alijaza kikombe cha mvinyo wa kubarikia, na kikombe kile desturi yake kijae. Alikuwa anasikiliza kwa sauti kujua kimefika wapi. Kilifika kwenye mkono wa shati la mkwe wa Manchester. Mkwe akasema, si kwa mtu yeyote, "Ingekuwa vizuri mtu angeona anachokifanya."

"Kweli kabisa," nikasema.

Akaja mzee wa plasta, anagonga magongo. "Kijana, hujapoteza kitu? Funguo? Pochi?"

Nikajipapasa mifuko yote. "Hapana, mzee, vyote ninavyo. Ahsante kwa kunijali."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Mtu huweza kupoteza kitu asijue."

"Nimeshajipapasa, mzee."

Akaketi. Nikasikia magongo yanaanguka, na wala hakuyaokota.

Aliyeniweza ni bibi mmoja aliyezaliwa Aden, ambaye alipokuja London alikuwa kigori. Yeye alikuwa akinipenda, maana nilipomtajia Mombasa mara ya kwanza alisema majahazi ya kwao yalikuwa yakienda kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, kwa hiyo mimi si mgeni. Alikuja anapapasa viti, sahani mkononi, akaniketisha.

"Nimekuletea samaki, mwanangu. Nimempika mwenyewe kabla Sabato haijaingia." Akanyamaza kidogo. "Ana miiba."

"Ahsante, mama."

"Miiba mingi. Midogo midogo. Mimi nimezoea. Wewe sijui utamlaje." Akanyamaza tena. "Jirani yetu Aden alikwamwa na mwiba. Usiku kama huu."

Mtu wa Mombasa haogopi samaki, lakini huogopa mwiba. Nikasimama. "Basi mama, ngoja niwashe taa nimle vizuri."

"Mimi sijasema kitu," akasema upesi sana.

Nikaenda kwenye kile kidude, kina swichi ya kando, nikaibonyeza. Ukumbi ukajaa nuru, na watu wakatoa sauti ambayo sijaisikia tena isipokuwa uwanja wa mpira. Mkwe akauona mkono wa shati lake. Bwana harusi akagundua ameketi karibu na mjomba asiye wake. Supu ikaanza kunyweka, nyimbo zikaanza, meza zikapigwa makofi. Nikala samaki wangu. Alikuwa mtamu, wa bizari na limau, na kwa habari ya miiba, niliupata mmoja tu.

Nilipomaliza nikabeba sahani yangu kupeleka jikoni. Mimi mama yangu alinifundisha jambo moja na bili za umeme za Mombasa zikalikazia: ukitoka chumbani, zima taa.

Nikazima.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Kimya kikaanguka, na ndani yake nikasikia watu sitini wakivuta pumzi kwa pamoja, halafu kijiko kimoja kikidondoka. Na hapo, sahani mkononi, nikamsikia halati yangu kichwani, waziwazi kama yuko kando: "We paka, kwani kwenu hakuna mlango?"

Giza leo. Angeona anachokifanya. Hujapoteza kitu. Miiba. Yote yakanirudia kwa mpigo mmoja, masikio yakapata moto. Nikasema kwa sauti kubwa, mpaka na waliokuwa msalani wasikie:

"Loo! Kofia yangu! Nimepoteza kofia yangu!"

Nikawasha taa. Nikaingia chini ya meza ya kwanza nikaanza kutafuta. Nikatoka, nikaingia chini ya ya pili. Watu wakainua miguu kunipisha, huku wanakula.

"Usiharakishe," mzee wa plasta aliniambia. "Kitu ukikitafuta kwa haraka hukioni."

Bibi wa Aden aliinama akanitazama chini ya meza. Kofia ilikuwa kichwani kwangu, mahali ilipokuwa tangu alfajiri. Aliitazama ile kofia, akanitazama mimi. "Tafuta vizuri, mwanangu," akasema. "Itakuwa imekwenda mbali."

Nilitafuta mpaka wakamaliza kushukuru baada ya chakula na mtu wa mwisho akavaa koti lake. Magoti yaliniuma siku tatu.

Jumapili rabi aliniita na mzee akiwepo. (Kwao Jumapili ni siku ya kwanza, siku yao ya saba sisi tunaiita Jumamosi. Sikuligusa hilo, tayari nilikuwa na kesi.) Nikatoa kikaratasi. Nikawaeleza kwamba kwetu saa huhesabiwa kutoka jua kuchomoza na kutoka jua kuzama, kwa hiyo saa kumi yao ya usiku ni saa ya nne ya giza. Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Rabi akaruka kitini.

"Lakini hiyo ndiyo saa ya Mishna!" Mishna ni mkusanyo wao wa kale wa sheria. Akateremsha kitabu kinene, akanionyesha kwamba wazee wao pia walihesabu saa 12 za mchana tangu alfajiri, na kwamba sala yao moja ya asubuhi mwisho wake ni saa ya tatu, yaani saa tatu yetu hasa. Hata neno lenyewe, saa, kwao ni sha'a. Alikaa nami nusu saa akinigeuzia kurasa, macho yanamng'aa. Mzee wa plasta hakuona utamu wowote. Aliniuliza tu kama nina vikaratasi vingine mfukoni.

Alhamisi nikatoa kopi kama kawaida. Nikaanza kukunja. Mazal tov kwa maharusi. Mgonjwa mmoja amepata nafuu. Shukrani kwa waliopika samaki. Mwavuli mweusi, bado. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, ambapo hapakuwahi kuandikwa kitu: taa za ukumbi zitazimika saa 10 kamili usiku, kwa saa za London.