Kamba wekundu wa Bunyonyi na gharama ya kuwauza wakiwa hai

Katika mwalo wa Rutinda, ambako mitumbwi ya Ziwa Bunyonyi hupakia watu na magunia ya viazi siku za soko, kamba wa maji baridi huuzwa kutoka kwenye beseni lililofunikwa kwa majani mabichi ili wasikauke. Mchuuzi mzoefu humkamata kwa nyuma, akibana gamba la mgongo kwa vidole viwili mahali ambapo magando hayafiki, kisha humgeuza ili mnunuzi aone kama mkia bado unajikunja. Nyama inayoliwa imo mkiani tu, na kilo nzima hutoa takriban gramu 150. Hata hivyo gramu hizo chache, zikiwekwa juu ya parachichi au kupikwa kwa masala, zimeipa migahawa ya Bunyonyi sifa yake, na ndiyo maana mjadala wa kama kamba huyu aendelee kuvuliwa na kuuzwa katika eneo la Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hauwezi kuachiwa wanasayansi peke yao.

Kwa asili yeye ni mgeni. Ukiondoa kisiwa cha Madagaska, Afrika haina hata aina moja ya asili ya kamba wa jamii hii. Huyu mwekundu, Procambarus clarkii, alitoka kusini mwa Marekani na kaskazini mashariki mwa Meksiko, akaletwa Uganda katika miaka ya 1960. Jike hubeba mamia ya mayai chini ya mkia mpaka yaanguliwe, watoto hukomaa kwa miezi michache, na maji yakikauka kamba huchimba shimo akasubiri humo. Usiku wa mvua huweza kutoka majini na kutembea nchi kavu hadi bwawa la jirani. Chakula hachagui: hula mimea, konokono, wadudu, mayai ya samaki, mizoga, hata wenzake.

Wanaomtetea wana hoja nzito kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida katika maandishi ya uhifadhi. Bunyonyi si Ziwa Viktoria. Ni ziwa la milimani, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, lenye kingo za mteremko mkali, na samaki wengi wanaovuliwa humo walipandikizwa na binadamu. Mtu anayetaka ziwa hilo lirudie hali yake ya asili itambidi aanze kwa kuwatoa kambare na sato, jambo ambalo sijamsikia yeyote akilipendekeza. Tena fisi maji na ndege wala samaki hawaulizi asili ya windo lao: katika Mto Ewaso Ng'iro nchini Kenya, fisi maji wamejifunza kumla kamba huyu vizuri sana.

Hoja inayonipa shida zaidi ni ya kichocho. Vimelea vya ugonjwa huo hukulia ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia binadamu kupitia ngozi, na kamba mwekundu huwala konokono hao pamoja na mayai yao. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwatia kamba katika mabwawa ya vijijini nchini Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba pale kamba waliposhamiri konokono walipungua, na watoto waliokwisha kutibiwa hawakuambukizwa tena kwa wingi ule ule. Ni kweli kwamba bwawa la kijiji si ziwa, na kwamba dawa na vyoo havina hatari ya kutambaa usiku kwenda kwa jirani. Lakini mzazi aliyeona damu kwenye mkojo wa mwanawe hatashawishika kirahisi kwamba yungiyungi linaloliwa na kamba ni muhimu kuliko mtoto huyo.

Upande wa pili una mfano wa Ziwa Naivasha. Kamba waliopelekwa Kenya walitoka hapa kwetu Uganda, na mwaka 1970 wakaingizwa katika ziwa hilo kwa ajili ya biashara. Kwa muda biashara ilinawiri, na mamia ya tani yalisafirishwa hadi Ulaya, ambako kamba wa asili walikuwa wameangamizwa na ugonjwa unaobebwa na hao hao kamba wa Kimarekani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji ilikuwa imetoweka karibu yote, na mayungiyungi ya buluu pamoja nayo. Kamba walipokosa chakula walipungua, mimea ikarudi, kamba wakaongezeka, mimea ikapotea tena. Ziwa likawa halitulii, na samaki wanaotaga na kujificha katika mimea hiyo wakawa wanapata na kupoteza makao. Wavuvi nao huwakuta samaki wao wametafunwa wakiwa bado nyavuni.

Bunyonyi nalo halikufungiwa milimani. Maji yake hutoka kwa Mto Ruhezamyenda hadi Ziwa Mutanda, kisha hupita upande wa Kongo kwa Mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, ambalo Mlango wa Kazinga unaliunganisha na Ziwa George. Huko kuna furu, samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje, wa aina nyingi zisizopatikana penginepo. Nchi iliyoona mamia ya aina za furu yakitoweka Viktoria baada ya sangara kupandikizwa haina kisingizio cha kusema haikujua.

Hata hivyo mto huenda polepole kuliko pikipiki. Kamba aliyefunikwa majani mabichi huvumilia safari ndefu nje ya maji, na anayemfikisha hai mjini anaweza pia kumfikisha kwenye bwawa lake la samaki. Hapa ndipo ushauri wa “tumle mpaka aishe” unapojikwaa. Mitego hunasa zaidi wale wakubwa, na watoto, wakiisha kuondokewa na wakubwa waliokuwa wakiwala, huongezeka. Na bei ikipanda, kila mwenye bwawa atamtamani. Umoja wa Ulaya ulimweka katika orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2016, hivyo kumsafirisha na kumuuza akiwa hai kukawekewa vikwazo vikali.

Kwa maoni yangu uvuvi wa Bunyonyi uendelee, maana kumwondoa kamba huko hakuwezekani tena, ila asiondoke mwaloni akiwa hai. Pingamizi la wachuuzi nalielewa: kamba aliyekufa huoza haraka, barafu ni ghali, na mnunuzi hana imani na asichokiona kikitikisika. Sufuria kubwa za kuwachemshia pale pale na masanduku ya barafu yangepaswa kugharimiwa na wilaya pamoja na hoteli zinazofaidika, si na mama mwenye beseni. Kuhusu imani ya mnunuzi, wapishi wanayo alama yao: kamba aliyetiwa kwenye maji ya moto akiwa hai kwa kawaida hutoka na mkia uliojikunja, na ulionyooka hutiliwa shaka.