Besiboli ya Oktoba na Ushabiki Usio na Mtani

Shabiki wa timu ya besiboli ya Minnesota Twins hana mtu wa kumtania asubuhi baada ya ushindi, na nimekaa Minneapolis muda wa kutosha kuamini kwamba jambo hilo linaeleza sehemu kubwa ya tofauti iliyopo kati ya mabishano ya mashabiki wa hapa na yale ya kwetu Dar es Salaam. Timu iliyowanyima watu wa Minnesota usingizi kwa miaka mingi ni New York Yankees, na mashabiki wa Yankees wako mbali, safari ya karibu saa tatu kwa ndege. Kwetu mtani analala chumba cha pili, mnakula naye sahani moja, na pengine mmefunga naye ndoa. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, na mtu hutoka huku kwenda huku kwa miguu, yote ndani ya Kariakoo hiyo hiyo.

Kwa kuwa mpinzani hayupo mezani, mabishano ya hapa hugeukia timu ya nyumbani. Msimu unapokaribia kwisha, wenzangu kazini hawabishani kama Twins ni timu bora kuliko nyingine. Hubishana kwa nini haikuwa bora zaidi, nani aliachwa uwanjani wakati amechoka, na nani alilipwa fedha nyingi akacheza nusu ya mechi. Kwetu mtu hawezi kusema hayo hadharani. Wewe Mwanayanga ukimwambia Mwanasimba kwamba beki wa Yanga ni mzito, kesho utarudishiwa maneno hayo dukani, kwenye daladala na msibani. Kwa hiyo kila upande hujifunza kuficha udhaifu wake, na timu ikifungwa maelezo yanayobaki ni ya kumtafuta mtu: mwamuzi amenunuliwa, kipa ameuza mechi, au kuna hujuma ndani ya uongozi.

Kwa msomaji ambaye hajaufuatilia mchezo huu, mpangilio wake ndio unaoyapa mabishano ladha. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Tangu 2022, timu 12 huingia hatua ya mtoano: raundi ya kwanza anapita anayewahi kushinda mechi 2 kati ya 3, ya pili 3 kati ya 5, na mbili za mwisho 4 kati ya 7. Sisi tuna timu 16 na mechi 30, na mwenye pointi nyingi anakabidhiwa kombe, hakuna wa kumwuliza zaidi. Hapa timu inaweza kuongoza kwa miezi sita kisha ikatolewa ndani ya siku tano.

Ushahidi wa hilo uko katika historia ya Twins wenyewe. Mwaka 1987 walishinda mechi 85 na kupoteza 77, hesabu ambayo kwa viwango vya ligi ni ya timu ya kawaida, na ugenini walikuwa dhaifu kiasi cha kushinda 29 tu na kupoteza 52. Hata hivyo waliwatoa Detroit, timu iliyokuwa na ushindi mwingi kuliko zote mwaka ule, kisha wakachukua ubingwa dhidi ya St. Louis kwa kushinda mechi zote 4 za nyumbani na kupoteza zote 3 za ugenini. Mwaka 2019 Twins walishinda mechi 101, wakaweka rekodi ya mapigo 307 ya kuupeleka mpira nje ya uwanja, wakakutana na Yankees, wakafungwa mechi 3 kwa 0 na msimu ukaishia hapo. Kipigo hicho kilikuwa sehemu ya mkosi mrefu: kati ya 2004 na 2020 Twins walipoteza mechi 18 mfululizo za mtoano, 13 kati yake mikononi mwa Yankees. Mkosi ulikatika tarehe 3 Oktoba 2023, walipowafunga Toronto Blue Jays 3 kwa 1, kijana Royce Lewis akiwa amepeleka mpira jukwaani mara mbili.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yumo mzee mmoja ambaye husikiliza mechi za Twins redioni akiwa na daftari mapajani. Kila mpigaji anayeingia anapewa kisanduku chake kwa penseli. Aliyetolewa kwa kupiga hewa huandikiwa herufi K, na aliyesimama akiutazama tu mpira wa mwisho ukipita huandikiwa K hiyo hiyo iliyogeuzwa nyuma mbele, ili ijulikane kwamba huyu hata hakujaribu. Ukimwuliza kwa nini timu ilifungwa jana, hamtaji mwamuzi. Anafungua ukurasa, anaweka kidole kwenye zamu ya sita kati ya tisa za mechi, anakuonyesha wachezaji wawili wa Twins waliokuwa vituoni wakisubiri mpigaji awasogeze, na hiyo K iliyogeuka. Nimebishana na watu wengi kuhusu mpira katika maisha yangu, lakini kabla ya kufika hapa sikuwa nimekutana na anayebishana kwa kumbukumbu alizoandika mwenyewe.

Hata hivyo sitaki kuwasifu kupita kiasi, kwa sababu takwimu nyingi nazo zinaweza kumpoteza mtu. Mfano mzuri ni wa jirani zetu wa Milwaukee mwaka 2025. Walimaliza na ushindi 97, wa kwanza katika ligi nzima, na katika msimu wa kawaida walikutana na Los Angeles Dodgers mara 6 wakashinda zote. Zilipopangwa kukutana tena Oktoba, watu wengi hapa kazini waliamini Milwaukee wamekwisha kuwajua Dodgers. Waliosahau kuangalia tarehe ndio walioumbuka. Mechi zile 6 zilichezwa Julai, wakati Blake Snell, mrushaji wa Dodgers (yaani anayewatupia wapigaji mpira), alikuwa majeruhi, na katika mojawapo mrushaji mwenzake Yoshinobu Yamamoto alitolewa kabla ya kumaliza zamu ya kwanza. Oktoba Snell alirusha zamu 8 akaruhusu pigo moja tu la maana, Yamamoto akamaliza zamu zote 9 peke yake, na katika mechi ya nne Shohei Ohtani alirusha akawaandikisha K wapigaji 10 huku yeye mwenyewe akipeleka mipira mitatu nje ya uwanja. Milwaukee walitoka 4 kwa 0, wakipata pointi moja moja katika kila mechi. Katika besiboli timu unayokutana nayo ni yule mrushaji anayesimama kilimani, kwenye kichuguu cha katikati, siku hiyo na mpira mkononi. Akibadilika yeye, umekutana na timu nyingine, hata kama jezi ni ile ile.

Ipo hoja nyingine ambayo naiona ni kisingizio tu. Ligi imegawanyika pande mbili, na katika kila upande timu mbili bora kati ya zilizoongoza kanda zao huruka raundi ya kwanza na kupumzika siku kadhaa, na mwaka 2022 Dodgers wenye ushindi 111 walipotolewa na San Diego wenye 89, kisha 2023 Atlanta wenye 104 wakatolewa na Philadelphia wenye 90, ikazuka nadharia kwamba mapumziko yanawapoza wapigaji. Mwaka 2024 na 2025, katika timu 8 zilizopumzika, 6 zilishinda raundi iliyofuata, na nadharia hiyo imepungua sauti.

Ninachowaheshimu nacho zaidi ni jinsi wanavyopokea kutolewa. Siku ya pili ya pambano lile la 2023 hapa Minneapolis, kocha wa Toronto alimtoa mrushaji wake José Berríos katika zamu ya nne, akiwa bado hajaruhusu pointi na akirusha vizuri dhidi ya timu yake ya zamani. Aliyeingia baada yake aliachia mlango, Twins wakashinda 2 kwa 0, na mashabiki wa Toronto wakatumia msimu wote wa baridi kubishana wao kwa wao: je, uamuzi ulikuwa wa kocha au ulitoka kwa watu wa takwimu ofisini? Sikusikia yeyote akisema walionewa.

Miezi sita baadaye, Aprili 2024, Yanga walikuwa Pretoria katika robo fainali ya Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba likadunda chini, bao likakataliwa, na tukatolewa kwa penalti. Mimi ni Mwananchi, sifichi, na mpaka leo naamini mpira ule ulivuka mstari. Lakini katika mechi mbili, dakika 180, hatukupata bao lingine lolote, na hilo nimelijadili na Wanayanga wenzangu kwa kunong'ona tu, kana kwamba tunasengenya marehemu. Sababu inajulikana: upande wa pili Simba walikuwa wanasikiliza, na wao bado walikuwa na deni la 5 kwa 1 la Novemba iliyotangulia, walilokuwa wanatafuta kila nafasi ya kulipunguza.

Pamoja na hayo, nikiulizwa ni ushabiki upi ningependa kuishi nao, nitachagua wetu bila kusita. Siku ya derby, ambayo kwa saa za hapa huanguka asubuhi, simu yangu hujaa kabla sijanywa chai, na shemeji yangu Mwanasimba ambaye hanitafuti miezi mitatu hunipigia dakika ile ile kipenga kinapolia. Twins wakishinda, wenzangu kazini hupongezana dakika mbili kisha wanarudi kwenye ratiba ya zamu. Furaha isiyo na wa kumkera hupoa haraka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashabiki wa hapa wangetuonea wivu kama wangelijua. Mwishoni mwa Julai 2025 Twins waliachia wachezaji 10 kwa mpigo, akiwemo Carlos Correa aliyerudi Houston, na msimu ukaisha wakiwa na ushindi 70 na vipigo 92. Familia inayomiliki timu tangu 1984 ilikuwa imetangaza mwaka uliotangulia kwamba inatafuta mnunuzi, na Agosti hiyo ikasema haiuzi tena. Mashabiki walilalamika kwa ufasaha mkubwa, kwa hesabu sahihi za mishahara na mikataba, na baada ya hapo hawakuwa na la kufanya isipokuwa kutonunua tiketi. Mzee wa daftari ameifuata timu hii tangu kabla ya ubingwa wa 1987, na hakuna kikao ambacho ana haki ya kuingia. Mwanachama wa tawi la Yanga au Simba huko Temeke ana kadi, ana mkutano mkuu, na anaweza kunyanyua mkono kumwuliza kiongozi wake fedha za usajili zimekwenda wapi. Tatizo letu ni kwamba akishanyanyua mkono, mara nyingi anauliza habari za mwamuzi.